Polisi ni wachache, mto ni mrefu: somo juu ya polisi na raia katika kupambana na biashara ya dawa za kulevya Isangi



Somo la toleo hili linatokana na swali tunaloulizwa karibu katika kila mkutano tunaoufanya kando ya mto, kuanzia Yangambi hadi Isangi: "Polisi wanajua kwamba bangi inapita hapa. Mbona hawaikamati?" Ni swali la haki. Lakini jibu lake halipatikani kwa kuwalaumu polisi tu, wala kwa kuwatetea. Inatupasa kwanza kuangalia polisi wako wangapi, wanafanya kazi kwa vifaa gani, sheria inawaruhusu nini, na sisi raia tunaweza kufanya nini bila kujitia hatarini na bila kumtia hatarini mtu asiye na kosa. Kwa familia zilizohama jambo hili ni zito zaidi. Gunia likikamatwa bandarini, au duka likivunjwa usiku, kidole cha kwanza kinaelekezwa kambini.

Njia ya mzigo

Isangi iko mahali ambapo mto Lomami unaingia katika mto Kongo, karibu kilomita 125 magharibi ya Kisangani. Anayeshuka Lomami kutoka Opala anapita hapa. Anayetoka Kisangani kwenda Basoko, Bumba, Lisala hadi Kinshasa anapita hapa vilevile. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa kwa maji ni zaidi ya kilomita 1,700, na katika njia yote hiyo kuna boti za mbao zenye injini, matishari ya chuma na mitumbwi isiyo na hesabu. Mizigo yake mnaijua: mchele, muhogo, mkaa, mafuta ya mawese, samaki wa moshi. Gunia moja la bangi likiwekwa katikati ya magunia mia ya mkaa, ni nani atakayeyashusha yote ayafungue, wakati boti inataka kuondoka na abiria wanapiga kelele? Likifika mjini linagawanywa vifurushi vidogo, na kutoka hapo pikipiki au toleka inatosha.

Bangi si kitu kipya kwetu. Imekatazwa tangu mwanzo wa karne ya 20, enzi ya Leopold II, na katazo hilo halikuiondoa mashambani. Sababu moja ni ya hesabu tu. Mchele ni mzito, unahitaji barabara, na barabara zetu mnazijua. Bangi ni nyepesi, haiozi haraka, na mnunuzi anaifuata mwenyewe hadi mlangoni kwa mkulima. Mkulima huyo mara nyingi si tajiri, wala hajui kinachotokea kwenye mwisho wa safari ya mzigo wake. Faida kubwa inabaki kwa mwenye mtaji anayekaa mjini, ambaye hata kulibeba gunia halibebi.

Jambo jipya ni vidonge. Tramadol ni dawa ya maumivu, hospitali inaihitaji, lakini katika nchi nyingi za Afrika ya Magharibi na ya Kati imekuwa ikiuzwa mitaani bila karatasi ya daktari. India, ilikotoka sehemu kubwa ya vidonge hivyo, iliiweka tramadol chini ya udhibiti mkali mwaka 2018, na wafanyabiashara wakahamia vidonge vingine vya namna hiyo. Kule Kinshasa, mwaka 2021, vijana walianza kutumia unga unaoitwa bombe, uliopatikana kwa kusaga kifaa cha kusafisha moshi kilichoibiwa katika mabomba ya magari na kuchanganya na vidonge. Rais Tshisekedi aliamuru hatua zichukuliwe, na polisi wakakamata watu karibu mia. Kutoka Kinshasa hadi hapa ni mbali, lakini mtindo wa Kinshasa unapanda mto kwa boti ileile iliyoshusha mkaa. (Juu ya lotoko tutaandika siku nyingine. Kwa maoni yangu inabomoa nyumba nyingi kuliko bangi.)

Hesabu ya polisi

Idadi ya polisi wa nchi yetu inayotajwa mara nyingi ni zaidi kidogo ya 100,000, na watu wa nchi wanakadiriwa kufikia milioni 100 au kupita. Hesabu yake ni rahisi: karibu polisi mmoja kwa watu elfu moja. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanapenda kutaja kipimo cha polisi mmoja kwa watu 450, na wanasema ni kipimo cha Umoja wa Mataifa. Tukikitumia, sisi hatufiki hata nusu.

Lakini wastani unadanganya. Polisi hawakugawanywa sawasawa kama chumvi kwenye sufuria. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 182, inawapa polisi kazi ya usalama wa watu na mali zao, kazi ya kulinda utaratibu, na pia ulinzi wa karibu wa viongozi wakuu. Ongezeni walinzi wa benki, wa makampuni na wa nyumba za wakubwa mijini. Wanaobaki kwa ajili ya vijiji ni wachache kuliko hesabu inavyoonyesha. Katika kituo kidogo cha kando ya mto utakuta komanda, pengine OPJ mmoja anayeandika PV, na polisi wa kuhesabika kwa vidole. Boti hawana. Pikipiki ikiwepo, mafuta hayapo. Wakimkamata mtu mwenye mzigo mkubwa, lazima wawili wamsindikize hadi parke, na nauli itafutwe mahali fulani. Siku hizo mbili au tatu kituo kinabaki na nani?

Naeleza haya si kwa kuwaombea radhi wanaopokea pesa bandarini. Polisi anayefungua njia kwa franka chache anajua anachofanya, na mama anayelipa kwenye bariera kwa ajili ya kwanga zake anajua vilevile kwamba mwenye bangi amelipa zaidi na kupita kwanza. Naeleza ili tuelewe kwamba barua ya kuomba "tuongezewe polisi", ambayo kamati nyingi huiandika, haitoshi peke yake.

Tuna ushahidi wa hapa nchini. Kuanzia mwezi wa Novemba 2013 polisi wengi walitumwa katika mitaa ya Kinshasa kuwasaka kuluna, vijana wenye mapanga ambao wengi wao walisemekana kutumia bangi. Operesheni ile iliitwa Likofi. Polisi hawakukosekana, na magari yalikuwepo. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2014 kwamba angalau vijana na watoto 51 waliuawa na wengine 33 walitoweka, wengine wakitolewa nyumbani kwao usiku mbele ya wazazi wao. Baadhi yao hawakuwa na kosa lolote: jirani alitaja jina, basi. Na kuluna hawakwisha. Hii ndiyo hatari ya nguvu nyingi zinazotegemea uvumi, na ndiyo sababu naogopa kila ninaposikia mtu mkutanoni akisema, "Waje tu wawafagie."

Somo la pili linatoka pwani, Mombasa. Huko ndugu wawili wa familia ya Akasha walikamatwa Novemba 2014 kwa upelelezi uliofanywa na Kenya pamoja na Marekani. Mombasa ina polisi, ina bandari yenye mitambo, ina mahakama. Hata hivyo kesi ya kuwapeleka Marekani ilijivuta zaidi ya miaka miwili, hadi Januari 2017 walipochukuliwa. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Walikubali mbele ya mahakama ya New York kwamba walikuwa wakiwahonga maofisa, wakiwemo polisi, waendesha mashtaka na mahakimu. Kumbe kilichopungua Mombasa hakikuwa idadi ya askari. Palikosekana watu wa kutosha wasionunulika, na ushirikiano wa nje ndio uliofanya ushahidi usipotee njiani.

Nchi yetu nayo imo katika Interpol na katika kamati ya wakuu wa polisi wa Afrika ya Kati, na tangu 2022 imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tanzania imekuwa na mamlaka maalum ya kupambana na dawa za kulevya tangu 2017, inayokamata na pia kushughulikia kinga na matibabu. Hayo ni mambo ya ngazi ya juu. Turudi mtoni kwetu.

Sheria inasema nini

Kiongozi wa kambi au wa kijiji hahitaji kuwa mwanasheria, lakini kuna mambo machache ambayo asipoyajua watu wake wataumia.

Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 ndiyo inayopanga Polisi ya Taifa ya Kongo. Katiba, kifungu cha 183, inasema polisi hawana chama na wanatumikia taifa zima. Kifungu cha 18 kinasema mtu aliyekamatwa hawezi kuwekwa kasho zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe au afikishwe mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Najua kwamba katika kituo kilicho mbali na parke saa 48 zinageuka wiki. Hapo ndipo kiongozi anapotakiwa kuuliza kwa heshima na kuandika tarehe na saa. Kifungu cha 29 kinalinda nyumba: haiingiwi wala haipekuliwi ila kwa namna inayopangwa na sheria. Hema la kambini ni nyumba, kwa sababu ndimo mtu analala na watoto wake.

Raia akimfumania mtu katika kosa kubwa, na mwenye mamlaka hayupo, sheria yetu ya mashtaka inamruhusu kumshika na kumpeleka mara moja kwa mwenye mamlaka aliye karibu zaidi. Ruhusa inakomea hapo. Kumfunga kamba siku nzima, kumpiga, kumvua nguo, kumwekea tairi shingoni, hayo ni makosa mapya, na anayeyafanya anaweza kushtakiwa kuliko yule mwenye bangi.

Juu ya watoto, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 iko wazi. Kumtumia mtoto katika kulima, kubeba au kuuza dawa za kulevya ni miongoni mwa kazi mbaya kabisa zilizokatazwa. Mtoto wa chini ya miaka 14 hachukuliwi kama mtu mwenye hatia ya jinai. Kuanzia 14 hadi kabla ya 18 anapelekwa kwa mahakama ya watoto, na asichanganywe na watu wazima kasho.

Mfano wa kujadili

Tuseme hivi. Ni siku ya soko, boti inashuka. Mvulana wa miaka 13 kutoka kambini anakutwa na mfuko aliopewa na mtu mzima "aufikishe kwa shangazi" kwenye bandari inayofuata, kwa malipo ya sabuni na franka kidogo. Ndani ya mfuko mna bangi. Watu wanakusanyika, mmoja anapiga kelele: "Ni wale waliokimbia vita!" Polisi wawili wanamchukua mtoto. Yule mtu mzima ameshapotea.

Prezida wa kambi akifika kituoni na vijana ishirini wenye hasira, ameshaharibu. Komanda ana polisi wanne, ataona ni shambulio. Afadhali aende na mama mmoja wa kamati na mzee mmoja wa kijiji kilichowapokea, aongee kama watu wanaojuana:

"Komanda, tunakusalimu. Tumekuja kwa ajili ya mtoto aliyeletwa saa nne."

"Papa Prezida, mtoto wenu kakutwa na bangi. Hilo silifichi."

"Nasi hatulifichi. Mfuko ubaki, uandikwe kwenye PV. Lakini ana miaka 13, mama yake huyu hapa. Na alipewa na mtu mzima. Mtoto anaweza kusema namna alivyovaa na boti aliyotokea. Tukimtisha, hatasema."

Angalieni yaliyotokea. Prezida hakuomba kosa lifutwe. Hakutoa pesa. Alitaja umri, akaomba maandishi, akampa polisi kitu ambacho polisi wachache wanakikosa zaidi ya bunduki: habari. Komanda naye sasa ana njia ya kumfuata mwenye mzigo. Na mzee wa kijiji akiwa pale, mtu hawezi tena kusema kwamba kambi inawaficha wahalifu.

Kazi ya ushirikiano

Katika miaka ya 2009 hadi 2014 hivi, Bukavu, Matadi na Kananga zilikuwa miji ya majaribio ya polisi ya ujirani, kwa msaada wa Uingereza. Wazo lake ni kwamba polisi ajulikane kwa jina mtaani mwake, na kwamba mkuu wa mahali, polisi na wawakilishi wa raia wakae pamoja katika baraza la usalama la mahali, waseme ni tatizo gani linawasumbua watu na nani atafanya nini. Mahali ambapo baraza hilo lipo, wakimbizi wa ndani waombe kiti, na mwanamke awe miongoni mwa watakaokwenda. Mahali lisipokuwepo, mkutano wa kila mwezi chini ya mti, na daftari la kuandikia, unatosha kuanza.

Walokele wa hapa walijulikana duniani kwa ngoma za mbao zinazosema. Mmisionari John Carrington, aliyeishi muda mrefu kwenye mto huu, aliandika kitabu juu yake mwaka 1949. Ngoma ilipeleka habari kijiji hadi kijiji kuliko mtumbwi wowote. Leo tuna simu, lakini mtandao haufiki kila mahali. Hata hivyo kila bandari ina mtu anayeona yote: mama muuza samaki, mwenye boti, mbeba mizigo, mlinzi wa ghala. Hawa ndio macho. Tatizo ni kwamba wanaogopa, na wana haki ya kuogopa, kwa sababu jina la mtoa habari huweza kumfikia mwenye mzigo kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo habari isipitie mdomo wa kila mtu. Kamati ichague watu wawili tu wa kuzipokea. Waandike tarehe, mahali, aina ya mzigo na boti, bila jina la aliyewaambia. Wampe komanda mwenyewe au OPJ. Ikiwa wanayemshuku ni polisi wa kituo kilekile, waende kwa mkubwa wake, au kwa msimamizi wa wilaya, au kwa parke, tena si mtu mmoja peke yake.

Kuna jambo moja linaloleta ubishi mkutanoni: je, raia wawanunulie polisi mafuta ya pikipiki au ya injini? Wengine wanasema ndiyo, vinginevyo hakuna doria. Mimi naona ni hatari. Leo kamati italeta lita tano, kesho mfanyabiashara wa bangi ataleta ishirini, na polisi atajua nani rafiki yake. Ikilazimika kabisa, mchango upitie baraza, uandikwe, usomwe mbele ya wote, na uwe kwa safari moja iliyotajwa. Kinachofaa zaidi ni kuandika kwa mkoa kuomba mtumbwi na mafuta ya serikali, barua ikitiwa sahihi na kijiji na kambi pamoja.

Na mzigo uliokamatwa? Ulizeni umekwenda wapi. Uhesabiwe na kuandikwa kwenye PV, upelekwe parke pamoja na mshukiwa, na ukiteketezwa uteketezwe hadharani. Gunia linaloingia kituoni likatoka kwa mlango wa nyuma linaua imani ya kijiji kizima kwa mwaka mzima.

Hatari ya kabila

Tangu Februari 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ulioanzia upande wa Lubunga na Ubundu, umechoma nyumba na kuwatoa watu wengi vijijini mwao. Wengi wenu mnaosoma mmetoka huko. Katika hali hiyo, kukamatwa kwa kijana mmoja mwenye bangi kunaweza kusomwa kama shambulio dhidi ya kabila lake, na shutuma ya bangi inaweza kutumika kumwondoa jirani ili kupata shamba lake. Ndiyo maana wale watu wawili wa kupokea habari wasiwe wa kabila moja. Na habari iliyoletwa na mtu mwenye kesi ya shamba na mshukiwa ipimwe mara mbili kabla ya kufika kituoni.

Kijana anayevuta naye tusimchanganye na mwenye magunia. Wengi walianza baada ya kuona mambo ambayo mtu wa miaka 16 hapaswi kuyaona. Kasho haimtibu. Tanzania ilianza mwaka 2011 katika hospitali ya Muhimbili kuwapa methadoni watumiaji wa heroini, na polisi walitakiwa kuelewa kwamba mtu anayekwenda kliniki hasumbuliwi njiani. Sisi hatuna kliniki ya namna hiyo, na bangi si heroini, lakini muuguzi wa kituo cha afya, mchungaji au imamu, na kazi ya mikono inayomshughulisha kijana mchana kutwa, viko karibu kuliko kasho.

Maswali ya kujadili kambini na kijijini

Je, mnajua jina la komanda wa kituo chenu, naye anajua jina la prezida wa kambi? Mtoto wa mfano wetu angekuwa wa kwenu, ni watu gani watatu mngewatuma kituoni, na nani asiende kabisa? Ni bandari gani hapa kwenu inayopokea boti usiku, na nani anaimiliki? Mtu akikamatwa leo saa nne asubuhi, nani ataandika saa hiyo kwenye daftari, na nani atarudi keshokutwa saa nne kuuliza?